Lori Bovu Uani: Uzeni kwa Kauli Moja

Wanandoa, huenda uani mwenu kuna lori kuukuu la Bedford la miaka ya 1960, limekalia mawe, injini imeshushwa. Mume asema atalimaliza mwakani. Mke aona karo ya watoto ikishika kutu. Msigombane. Ketini mpige hesabu: vipuri gani vimebaki, na fundi atataka kiasi gani?

Mkiamua kuuza, fanyeni hivi:

Kwanza, kusanyeni vipuri vyote, hata vilivyo makoponi. Kilichopotea hupunguza bei.

Pili, mwelezeni mnunuzi ukweli juu ya kutu na kisichofanya kazi.

Tatu, tafuteni kitabu cha gari, na umiliki uhamishwe kupitia NTSA. Lisiondoke likiwa bado kwa jina lenu.

Nne, ikiwa ni mali yenu nyote wawili mliyoipata katika ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yataka mkubaliane wote.

Mume, usitarajie kurudishiwa kila shilingi uliyotia. Mke, usimcheke siku lori linapovutwa. Hiyo ilikuwa ndoto yake. Nanyi nyote, amueni matumizi kabla fedha hazijafika mkononi.