Posho ya Vita: Hesabu ya Wapagazi wa 1914 hadi 1918

Kila siku saa saba mchana kengele hulia, nasi twajipanga mbele ya jiko kupokea posho na maharagwe. Huku kwetu Uganda neno "posho" twalitumia kwa ugali wenyewe. Lakini mkifungua kamusi ya Kiswahili mtaona kwamba posho ni chakula cha siku, yaani kipimo apewacho askari, mpagazi au mtu wa kazi. Ni neno la safari na la vita.

Mwalimu wetu wa historia alipotueleza hayo, mwenzetu mmoja alicheka, akauliza, "Mwalimu, vita na ugali vina uhusiano gani?" Mwalimu hakumjibu. Alichukua chaki, akaandika hesabu ubaoni. Habari hii ni ya hesabu ile, na ya mambo tuliyojifunza kwayo.

Kwanza yafaa tukumbuke vita vyenyewe. Mwezi wa Agosti 1914 mataifa ya Ulaya yalianza kupigana, na vita vikaletwa Afrika Mashariki. Wadachi walitawala nchi ambayo leo ni Tanzania Bara, pamoja na Rwanda na Burundi. Waingereza walikuwa Kenya na Uganda, na Wabelgiji walikuwa Kongo. Mkuu wa majeshi ya Wadachi aliitwa Paul von Lettow-Vorbeck. Hakutaka kupigana vita vikubwa mahali pamoja. Alipigana na kurudi nyuma, akiwavuta adui zake mbali zaidi na reli na bandari zao. Basi, kila alivyozidi kwenda, chakula cha wale waliomfuata kilizidi kuwa mbali.

Je, chakula kile kilichukuliwaje? Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu, kwa kuwa mbung'o wamejaa katika pori za nchi ile. Magari yalikuwapo, lakini mvua ziliponyesha yalizama katika matope hata hayakuweza kusogea. Ikabaki njia moja tu, nayo ni kichwa cha mwanadamu. Ndipo Waingereza walipounda kikosi cha wapagazi, na jina lake la Kiingereza wenyeji wakalitamka "Kariakoo". Mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi iitwayo kwa jina hilo hata leo ni kumbukumbu ya watu hao. Wengine waliingia kwa hiari yao ili wapate mshahara, lakini wengi walikamatwa kwa nguvu kwa amri ya serikali na machifu.

Sasa tazameni hesabu ya Mwalimu. Tuseme mpagazi mmoja abeba kilo 25 za unga. Kila siku atembea kilomita 20, na kila siku yeye mwenyewe hula kilo 1. Akipeleka unga kwa askari walio mwendo wa siku 5, atakula kilo 5 akienda na kilo 5 akirudi. Askari watapata kilo 15. Hapo hesabu ni nzuri.

Lakini askari wakiwa mwendo wa siku 10, mpagazi atakula kilo 20 kwenda na kurudi. Askari watapata kilo 5 tu. Na wakisogea mbele hata mwendo ukawa siku 12 na nusu, mpagazi atakula mzigo wake wote, na askari hawatapata hata chembe.

Mwalimu akaendelea. Chukueni askari 1,000, kila mmoja ala kilo 1 kwa siku. Wakiwa mwendo wa siku 5, lazima wapagazi 67 wafike kila siku, na kwa kuwa safari nzima ni siku 10, watahitajiwa wapagazi 670 njiani daima. Wakiwa mwendo wa siku 10, lazima wafike wapagazi 200 kila siku, na safari ni siku 20. Hao ni wapagazi 4,000. Umbali umezidi mara mbili, lakini watu wamezidi mara sita! Nasi hatujahesabu risasi, dawa, mahema, wala mpagazi hata mmoja aliyeugua au aliyetoroka.

Darasa lilinyamaza. Kisha yule mwenzetu aliyecheka akasema, "Mwalimu, kilo 25 si kitu. Nyumbani mimi hubeba gunia." Mwalimu akaomba mfuko wa kilo 25 wa unga kutoka stoo ya shule, akatupeleka uwanjani. Mzunguko wa uwanja wetu ni mita 400, kwa hiyo kilomita 20 ni mizunguko 50. Tulibeba kwa zamu, kila mtu mpaka achoke. Mimi nilitua mzigo katika mzunguko wa 11. Yule mwenzetu, ambaye ni mlinda mlango wa timu yetu na ana nguvu kweli kweli, alifika wa 19, akakaa chini, asicheke tena. Sisi tulikuwa tumevaa viatu, tulikuwa tumeshiba, na kivuli kilikuwa karibu. Mpagazi alikwenda miguu mitupu, na kesho yake aliamka akaanza tena.

Haya, sasa tumfuate mpagazi jioni afikapo kambini. Ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulidhani kamwe. Posho yake alipewa ikiwa unga mkavu. Yampasa atafute maji, atafute kuni, awashe moto, asonge ugali. Ikiwa mvua inanyesha, kuni ni mbichi. Ikiwa giza limeingia, yeye amechoka hata mikono inatetemeka. Basi, wengi waliukoroga unga katika maji ya uvuguvugu wakaumeza nusu mbichi. Tena unga wenyewe mara nyingi ulikuwa wa chenga kubwa, usiosagwa vizuri. Fikirini mtu wa Buganda aliyezoea matoke tangu utoto, hajapata kusonga unga wa mahindi maishani mwake. Tumbo lilikataa, kuhara damu kukaanza, na mtu aharaye damu hawezi kubeba mzigo siku nyingi. Kuhara, malaria na kichomi viliwaua wapagazi wengi kuliko risasi. Hata funza wa miguuni waliwalemaza watu.

Askari nao hawakustarehe. Askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya, waliamka alfajiri, wakatembea katika nyasi ndefu, na jioni kabla ya kulala wakachimba mahandaki na kuweka zamu. Mapema mwaka 1917 mvua zilikuwa kubwa mno. Mto Rufiji ulifurika, na posho ikapunguzwa mpaka nusu, kisha chini ya nusu. Askari waliotoka Nigeria kuja kupigana huko walichimba mizizi ya porini ili wapate kuishi. Katika Iringa pia shida ilikuwa kubwa, kwa maana chakula kilitoka reli ya Dodoma, zaidi ya kilomita 250, na Mto Ruaha ulikuwa katikati. Pimeni umbali huo kwa hesabu yetu, mtaona inapofikia.

Basi, posho isipofika kutoka nyuma, majeshi hufanyaje? Huchukua ya wenyeji. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka ghalani na ng'ombe mazizini, na tena yakawachukua wanaume waliokuwa walime mashamba. Ugogo, mvua zilipokosekana baada ya hayo, watu hawakuwa na akiba. Njaa ile Wagogo waliipa jina Mtunya, nayo iliua watu wengi ambao hawakushika bunduki wala mzigo.

Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini mahali palipoitwa Abercorn, leo Mbala katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa upande wa Waingereza peke yao walikuwa wameandikwa wapagazi kiasi cha milioni moja. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, hawakupungua 95,000, na wataalamu wengi wa historia husema walipita 100,000. Askari wa upande huo waliokufa walizidi kidogo 10,000. Maana yake, kwa kila askari mmoja aliyekufa, walikufa wapagazi kama tisa.

Ndugu zetu mliokwisha kumaliza shule, kuna sehemu ya habari hii inayotuhusu hasa. Watu wa Uganda walibeba mizigo ya Wabelgiji walipokwenda kuiteka Tabora mwaka 1916. Tena mwaka 1917 vijana waliosoma katika shule za misheni za Uganda waliingia katika kikosi cha matabibu Waafrika, wakawauguza askari na wapagazi katika hospitali za vita. Hao walikuwa wanafunzi kama sisi, wenye kalamu na daftari. Walikwenda mahali ambapo kumtazama mgonjwa anakunywa nini na amepikiwaje kulikuwa dawa sawa na chupa ya daktari. Na kweli, kadiri vita vilivyoendelea wakubwa walianza kuelewa, na chakula na mapishi vikatengenezwa, lakini kwa maelfu ya watu ilikuwa wamechelewa.

Mwisho, nilimwuliza Mwalimu, "Makaburi yao yako wapi?" Akanijibu kwamba walio wengi hawana. Askari wa Kizungu alipewa kaburi lenye jina lake. Mpagazi hakupewa, na mara nyingi hata jina lake halikuhifadhiwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo waziwazi na kuomba radhi. Ni vema, lakini jina lililopotea haliwezi kurudishwa na ofisi peke yake. Labda liko nyumbani kwenu, katika kumbukumbu ya bibi aliyesikia kwa baba yake kwamba mjomba fulani alikwenda Kariakoo asirudi. Ulizeni likizo hii, mkaandike, na mhariri wetu atayapokea majina hayo kwa furaha.

Na kwa wapendao hesabu, hili ndilo zoezi lenu. Mzigo ni kilo 20, mwendo ni siku 8, askari ni 1,000. Wahitajiwa wapagazi wangapi? Mkipata jibu, msiliandike kwanza. Liangalieni, mkumbuke kwamba kila moja katika hesabu hiyo ni mtu aliyekuwa na jina.