Umemtoroka mume mkatili: Uanzie wapi?

Dada, umetoka usiku na watoto, hukuchukua hata kitambulisho, na sasa mnalala sebuleni kwa rafiki.

Nenda hospitali kwanza, hata kama vidonda vimekauka. Ikiwa ulibakwa, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa tu zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, usingojee polisi. Mweleze daktari ukweli. Wengi husema waliteleza bafuni, na fomu ya P3 hujazwa hivyo hivyo.

Sheria ya mwaka wa 2015 kuhusu dhuluma za nyumbani humruhusu hakimu kumwamuru mume ahame, wewe na watoto mbaki, hata kama nyumba ina jina lake. Jambo hili halijulikani sana. Watu hudhani anayepigwa ndiye lazima afungashe. Ukihitaji msaada piga simu 1195, haitozwi pesa.

Ukishapata chumba chako, usishangae usingizi ukikataa, au mtu akibisha hodi kwa jirani nawe ukaruka. Si wazimu. Mwili bado unamngoja yule mtu. Hali hiyo ikipita mwezi, rudi kliniki uombe kumwona mshauri. Na mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani usimchape. Huenda anaugua lile lile lako.