Kumtayarisha Mtoto Mdogo kwa Shule

Mama mmoja wa Kolwezi aamka kabla ya mapambazuko kwenda mtoni kuosha mawe ya kobalti. Mtoto wake wa miaka minne amfuata, kwa maana hana wa kumwachia. Kutwa nzima mtoto yule huiga afanyavyo mamaye: kuokota, kuosha, kutia mfukoni. Atakapotimiza miaka sita atazijua rangi zote za mawe, lakini hatakuwa ameshika kalamu hata siku moja. Je, kosa ni la mama peke yake? La, sivyo.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière. Kampuni hiyo, na baada yake Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, hospitali na shule za watoto wao. Gécamines ikadhoofika katika miaka ya 1990, na tangu mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi. Jamaa nyingi zikashika sururu. Mzigo wa kuwaandaa wadogo, uliobebwa na kampuni, ukaangukia kila nyumba peke yake.

Katiba ya mwaka 2006 yasema kwamba shule ya msingi ya serikali ni lazima, tena ni bure. Serikali ilianza kuyatimiza hayo katika nchi nzima Septemba 2019. Huo ni msaada mkubwa. Lakini mlango huo wamfungukia mtoto wa miaka sita. Aliye na miaka mitatu au minne atalelewa na nani?

Mwaka 2012 Masista wa Mchungaji Mwema walifika Kolwezi, wakauliza kwanza hali ya watu wa mitaa ya wachimbaji. Kisha, mtaani Kanina, watoto waliotoka machimboni wakapata mahali pa kusoma na chakula, nao akina mama wakafundishwa kushona na kulima. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na ilipasa iwe hivyo: mtoto hatulii darasani ikiwa ugali wa jioni wategemea mikono yake.

Kijiji kisicho na masista chaweza kuanza kwa kivuli kimoja. Akina baba, ambao mara nyingi husahauliwa katika habari hizi, wajenge kibanda na choo. Bibi wawili washike zamu kila asubuhi. Kila nyumba ilete kikombe cha unga kwa uji. Watoto wajifunze kunawa mikono, kungoja zamu, kuitika majina yao, na kuhesabu kwa punje za mahindi. Mawe ya machimboni yasitumiwe, maana vumbi lake lina sumu. Wazazi wengine hutaka Kifaransa kwanza. Wasiharakishe. Mtoto awezaye kusimulia hadithi ya sungura kwa Kiswahili, tangu mwanzo hata mwisho, ameshaanza njia ya kusoma.

Ajuaye kuandika awasaidie wenziwe kuandikisha watoto wachanga kwa serikali, kwani sheria yawapa siku 90 tangu kuzaliwa. Na mwezi wa Agosti, mwalimu wa darasa la kwanza aalikwe kuketi asubuhi moja chini ya kivuli kile, awajue watoto kwa majina, nao wamzoee kabla ya Septemba.