USITAJE BEI YA TAILIZI KABLA HUJAULIZA SWALI HILI

Wafanyabiashara wenzangu, somo la leo mimi nimelilipia.

Nauza tailizi kwa status ya WhatsApp hapa Mpanda. Sina duka; mteja akilipa, nachukua mzigo stoo na kumpelekea. Mwaka jana mama mmoja wa Makanyagio alipenda picha ya tailizi nyeupe zinazong'aa. Akauliza bei, nikataja, akatuma hela. Zilikuwa za ukutani, yeye akaziweka barazani. Vumbi letu lina mchanga, miguu ikasugua mng'ao ukaisha. Pikipiki ikasimamishwa kwa stendi, mbili zikapasuka.

Akanipigia: "Mwanangu, ndiyo nini hiki ulichoniuzia?" Nikamrudishia nusu ya hela. Faida ya mwezi mzima ikaondoka.

Kosa ni langu. Sikumuuliza: "Mama, unaenda kuziweka wapi?"

Jua tofauti:

✅ SERAMIKI: nyepesi, bei nafuu, fundi anakata kirahisi. Nzuri kwa ukuta wa jikoni na bafuni. Za sakafu pia zipo, zinafaa chumbani, ila soma boksi uhakikishe.

✅ POSELENI: imeshindiliwa na kuchomwa kwa moto mkali zaidi. Ni nzito, ngumu, na hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Nzuri kwa sebule na baraza. Ya barazani isiwe ya kuteleza.

Kupima: geuza tailizi, dondoshea maji mgongoni. Yakinywewa haraka, ni seramiki. Yakibaki juu, inaelekea ni poseleni. Thibitisha kwenye boksi ndipo uandike kwenye tangazo. Video ya jaribio hilo inauza kuliko picha kumi.

Mwambie pia mapema: poseleni inataka gundi ya tailizi, maana saruji tupu haiishiki vizuri, na fundi awe na diski ya almasi ya kukatia. Usiposema, gharama zikiongezeka lawama ni zako.

Siku hizi mteja akiuliza "bei gani?", namjibu: "Ni za ukutani au za chini, boss?" Wengine wanaona nawachelewesha. Lakini yule mama alirudi mwezi uliopita kuchukua za jikoni, na safari hii yeye ndiye aliyeanza: "Hizi ni za ukutani, si ndiyo?"

Wewe unauza nini? Swali gani unamuuliza mteja kabla ya bei? Tuandikie hapo chini 👇