Utamu, Uchachu na Ukakasi: Kuuelewa Mvinyo Kutoka Mbarara

Kwenye orodha ya vinywaji ya hoteli kubwa hapa Mbarara mjini, sehemu ya mvinyo ndiyo inayowatia wateja wengi woga. Majina ni ya Kifaransa, kuna miaka, kuna maneno kama "mkavu" na "mzito", na bei hazieleweki zimetoka wapi. Mtu huagiza ule wa bei ya katikati ili asionekane mshamba, kisha anaunywa bila kujua ameonja nini. Woga huo hauna sababu. Aliyekulia Ankole, Kivu au Ngozi ya Burundi, akaonja pombe ya ndizi, iwe tonto, kasiksi au urwarwa, ya siku ya pili na ya siku ya nne, amekwisha kukutana na karibu kila kitu wanachokizungumzia wajuzi wa mvinyo. Asiyekunywa kileo, kwa dini au kwa hiari yake, naye anaweza kulifuata somo hili lote kwa limau, chai ya rangi na maji ya ndizi.

Tuanze na sukari, maana bila sukari hakuna kileo chochote duniani.

Ndizi mbichi imejaa wanga, takriban sehemu moja ya tano ya nyama yake. Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana. Ulimi hauusikii utamu wake na hamira haiwezi kuula. Tunda likianza kuiva hutoa gesi iitwayo ethilini, nayo huamsha vimeng'enya vinavyoukata mnyororo ule vipandevipande mpaka zinabaki sukari ndogo ndogo. Ndiyo sababu watengenezaji wa tonto huzika ndizi kwenye shimo lililopashwa moto na kuzifunika kwa majani. Joto huharakisha kazi, ethilini haipotei hewani, na moshi wenyewe una ethilini ya kuongezea. Zabibu haipiti njia hiyo. Sukari yake hutengenezwa kwenye majani na kusafirishwa hadi kwenye tunda likiwa bado mtini, kwa hiyo ikichumwa mapema haitaongeza utamu hata ikae shimoni mwezi mzima. Mkulima wa zabibu hulitegemea jua la wiki za mwisho kwa namna ambayo mkulima wa ndizi hahitaji.

Baada ya sukari inakuja hamira, kiumbe hai cha chembe moja tu. Mwaka 1860 mwanasayansi Louis Pasteur alichapisha utafiti mrefu ulioonyesha kwamba kileo ni kazi ya hamira hai, wakati baadhi ya wanakemia wakubwa wa zama zake walikuwa wakiamini kwamba ni mabadiliko ya kikemia tu, si kazi ya kiumbe hai. Hesabu ya kazi hiyo ya hamira ni rahisi. Gramu 180 za glukosi hutoa takriban gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za kaboni dioksaidi, ile gesi inayoinua povu mtungini. Kwa vitendo, kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Maji ya zabibu zilizoiva vizuri yenye gramu 220 kwa lita yatatoa mvinyo wa asilimia 13. Maji ya ndizi yaliyoongezwa maji ya kisima mpaka sukari ikashuka gramu 90 kwa lita hayawezi kuzidi asilimia 5 na kidogo, hata mtengenezaji awe bingwa namna gani. Tofauti ya nguvu kati ya chupa ya mvinyo wa Bordeaux, Ufaransa, na kibuyu cha tonto inaanzia hapo, kwenye sukari na maji.

Sasa neno "mkavu" linafunguka. Mvinyo mkavu ni ule ambao hamira imeimaliza sukari yote, au karibu yote. Mvinyo mtamu ni ule ambao kazi ilikatizwa: hamira ilizidiwa na kileo ilichokitengeneza yenyewe, au mtu aliisimamisha kwa baridi, kwa kuchuja au kwa kuongeza pombe kali. Tonto huonyesha jambo hili waziwazi kwa sababu hunywewa ikiwa bado inachacha. Jioni ya kwanza ni tamu na nyepesi, siku ya pili au ya tatu utamu umepungua na nguvu imepanda, kisha uchachu unaingia. Anayesema "mimi napenda ya jana, ya leo bado mtoto" anachagua mtindo wa mvinyo kwa ufasaha wote unaohitajika.

Jambo la tatu, ukakasi, ndilo ninalolipenda kuliko yote, nalo linaonekana vizuri zaidi pale maji ya ndizi yanapokamuliwa. Ndizi za kukamua, zile Wanyankole wanazoziita embiire na Waganda mbidde, humenywa na kumwagwa kwenye mtumbwi wa mti. Juu yake huwekwa manyasi makavu yenye makali, halafu mtu hukanyaga au kukanda. Kwa muda mrefu hakuna kinachotokea. Ni rojo zito la rangi ya maziwa linalonata kwenye manyasi. Kisha, ghafla, rojo linakatika. Nyama inajikusanya upande mmoja kama mabonge ya sponji, na katikati yake yanachuruzika maji ya dhahabu, masafi, ambayo hapa huitwa eshande. Jaribu hivyo hivyo kwa matooke ya kupika, hata yakiiva kabisa. Utapata uji, na uji hautakatika.

Kwa nini? Bibi aonjaye embiire mbichi atakuambia: ina ukakasi unaokausha mdomo. Ukakasi huo unatokana na tanini, jamii ya kemikali ambazo mmea huzificha katika chembe maalumu ili kujilinda na walaji. Tabia kuu ya tanini ni kushikana na protini. Ukanyagaji unapopasua chembe zile, tanini humwagika na kuzishika protini na vitu vingine vya kunata vinavyoyazuia maji ndani ya rojo. Vikishashikana hujitenga, na manyasi huvipa mahali pa kunasa na kuyaachia maji njia ya kupita. Watafiti wa ndizi wanaihesabu tanini kuwa yenye mchango mkubwa katika kukatika huko. Ndizi ya kupika ina tanini kidogo mno kwa kazi hiyo.

Mdomoni mambo ni yaleyale. Mate yetu yana protini za utelezi. Tanini zikiingia huzishika, utelezi unaondoka, na ulimi unahisi kukwaruzwa. Pika chai ya rangi kwa majani mengi, iache ichemke sana, inywe bila sukari, na utaihisi tanini pande zote za ulimi. Mvinyo mwekundu una ukakasi huo kwa sababu huchachishwa pamoja na maganda na mbegu za zabibu, ambamo tanini na rangi vimo. Mvinyo mweupe hutengenezwa kwa maji yaliyokamuliwa na kutenganishwa na maganda mapema, ndiyo maana hauna rangi hiyo na ukakasi wake ni mdogo. Hata zabibu nyeusi hutoa mvinyo mweupe, maganda yakiondolewa haraka.

Uchachu nao unatoka kwenye asidi. Utaujua kwa mate yanayojaa chini ya ulimi, kama ukilamba limau. Zabibu changa ina asidi nyingi, na inavyoiva huichoma sehemu ya asidi hiyo kwa kupumua. Joto likizidi huichoma upesi. Nchi ya baridi hutoa mvinyo mwembamba wenye uchachu, nchi ya joto hutoa mvinyo wenye nguvu na uchachu mdogo. Hilo ndilo fungu kubwa la elimu yote ya "maeneo ya mvinyo".

Mfano wa karibu yetu uko Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda zabibu Bihawana mwaka 1957. Ni nyanda kavu, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mvua za msimu mmoja, hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima anaupogoa, nao unachipua tena, hivyo huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa halipati shambani kwake. Mbarara, isiyofika hata digrii moja kusini mwa ikweta, imekwenda mbali zaidi: ndizi huiva mwezi wowote. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya Ulaya unaeleza hali ya hewa ya msimu mmoja. Kwa tonto swali hilo halina maana, na swali lenye maana ni ndizi ya aina gani, iliiva siku ngapi, na maji kiasi gani yaliongezwa.

Ndizi ina asidi kidogo kuliko zabibu, kileo chake ni kidogo, na pombe yake hukaa kwenye chombo kisichozibwa. Vyote vitatu huwapa bakteria nafasi, ndipo tonto inageuka siki kwa siku chache ilhali chupa ya mvinyo iliyozibwa hukaa miaka. Ni kemia tu. Wala haionyeshi kwamba kimoja ni cha wastaarabu na kingine cha washamba.

Mitindo yetu ya pombe ya ndizi nayo ina maeneo yake. Ankole na Buganda huongeza mtama uliokaangwa, unaotia rangi, harufu na chakula cha hamira. Burundi wana urwarwa, na wanasifu zaidi ile isiyoongezwa maji. Rwanda wana urwagwa, Kivu wana kasiksi, Wahaya wana rubisi. Wachaga wa Kilimanjaro huchemsha ndizi mbivu, wakachanganya na kimea cha ulezi na maji ya gome la msesewe, gome chungu, ikawa mbege.

Kuhusu majivuno ya wajuzi wa mvinyo, ushahidi wa kuyapunguza upo. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo: waliupaka mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliwaongoza kuliko pua. Nao ule uainishaji mashuhuri wa mvinyo wa Bordeaux wa mwaka 1855 ulipangwa na madalali kwa kufuata bei za sokoni. Kwa hiyo uliza maswali manne tu: sukari imebaki kiasi gani, uchachu ukoje, ukakasi ukoje, nguvu ni asilimia ngapi. Mhudumu asipojua, ulimi wako utajibu.

Ufaransa iliandika katika sheria mwaka 1935 kwamba jina la mahali kwenye chupa lilindwe pamoja na zabibu na namna ya utengenezaji. Sisi ramani ya pombe zetu za ndizi bado iko vichwani mwa watu. Katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaishi jirani, katikati ya mojawapo ya maeneo makubwa ya ndizi Uganda. Mzee wa kasiksi na mama wa urwarwa wanaweza kukutana kwenye mtumbwi mmoja wa kukamulia asubuhi moja. Ewe kijana uliyeko Nakivale au Mbarara, chukua daftari uwaulize: ndizi ipi, shimo siku ngapi, manyasi gani, maji kiasi gani, mtama au la. Andika na jina la kila ndizi kwa lugha yake, kabla ugonjwa wa mnyauko haujaimaliza migomba hiyo.