Ubao Usioangushwa na Upepo: Somo kwa Wasanii Wanaojiandaa kwa Maonyesho

Msanii anaweza kutumia miezi kadhaa kuchora, kuchonga nakshi au kudarizi kofia, kisha kazi yake ikaharibika kwa dakika moja kwa sababu ubao wa kuonyeshea umeangushwa na upepo. Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida hufanyika mwezi wa Novemba, na mabanda mengi huwa mahali pa wazi karibu na bahari. Kabla ya kununua au kutengeneza ubao, wasanii wanashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo.

1. Ubao usimame wenyewe

Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka wa 2001. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na msumari mmoja hubambua lipu. Kwa hivyo ubao usitegemee ukuta. Anayetaka kuonyesha kazi ndani ya Ngome ya Lamu aombe idhini mapema kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

2. Upepo

Ubao mzima ni sawa na tanga. Upepo wa kilomita 36 kwa saa husukuma ubao wa mita 1 kwa mita 2 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 15. Ikiwa miguu yake imepanuka mita 1 kutoka mbele hadi nyuma, ubao pamoja na vizito vyake lazima uzidi kilo 30 ndipo usipinduke. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20 hivi. Funga moja mguu wa mbele na jingine mguu wa nyuma. Madumu husafirishwa matupu na kujazwa hapo uwanjani.

Wavu wa waya mgumu hupitisha upepo, lakini ukijazwa picha bila nafasi hurudi kuwa tanga. Acha mianya kati ya picha. Mbao tatu zilizounganishwa kwa bawaba na kusimamishwa kwa pembe huwa imara kuliko mbao tatu zilizopangwa mstari mmoja.

3. Chumvi na unyevu

Mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi huvimba zikipata maji. Plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote, hata kwenye kingo, hudumu zaidi. Chuma kitupu hushika kutu haraka na kutia madoa kwenye vitambaa. Afadhali alumini au chuma kilichopakwa zinki.

4. Usafiri

Msanii wa Siyu, Faza au Kiunga hupakia vitu vyake kwenye boti, kisha huvipitisha vichochoroni kwa punda, mkokoteni au hamali. Ubao unaokunjwa ukawa na urefu wa mita 1, na ambao mtu mmoja anaweza kuubeba, hupunguza gharama na hatari ya kuvunjika.

5. Rangi na kimo

Ubao ni mhudumu wa kazi, haupaswi kushindana nayo. Rangi ya mchanga au kijivu hafifu hufaa; nyeupe kali huumiza macho juani. Kati ya picha iwe mita 1.5 hivi kutoka chini. Elekeza ubao mbali na jua la alasiri, hasa kwa picha za rangi za maji.

Kwa mwenye bajeti ndogo

Fremu ya fito iliyofungwa kwa kamba ya makumbi, ikitandazwa mkeka, hugharimu kidogo na hupendeza. Fito za mikoko zinunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, kwa kuwa ukataji wa mikoko huhitaji leseni.

Jaribio la mwisho

Wiki moja kabla ya maonyesho, simamisha ubao ufuoni alasiri ukiwa na kazi zote na vizito vyake. Usukume kwa mkono juu, mbele na nyuma. Ukiinua mguu, ongeza uzito au panua miguu. Ni heri ubao uanguke siku hiyo ukiwa na mtu wa kuudaka kuliko mbele ya mnunuzi.