Deir el-Medina: Makaburi ya Waliochimba Makaburi

Ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na mji wa Luxor nchini Misri, kuna magofu ya kijiji kiitwacho Deir el-Medina. Hapo waliishi mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya mafirauni katika Bonde la Wafalme, kati ya mwaka 1500 na 1100 KK hivi. Wageni wengi hukiruka kijiji hiki kwa haraka ya kwenda kwenye kaburi la firauni Tutankhamun, na ni hasara yao. Kule bondeni mafundi walichora walichoagizwa. Huku, katika makaburi yao, walijichorea wenyewe.

Kutoka Luxor, pantoni ya wenyeji huvusha watu kwa nauli ndogo, na upande wa pili teksi hazikosekani. Kwa desturi tiketi hununuliwa katika ofisi iliyo njiani, karibu na sanamu mbili kubwa za Memnon, hivyo anayefika langoni mikono mitupu hurudishwa. Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40, na kivuli hakuna.

Kaburi la kuanzia ni la Sennedjem, fundi wa zama za Seti I na Ramesses II. Ngazi zake ni za mteremko mkali na njia ni ya kuinama. Mwenye magoti mabovu afikirie mara mbili. Chumba ni kama mita 5 kwa mita 2 na nusu, lakini rangi zake zinang'aa kama za juzi. Lilipogunduliwa mwaka 1886 lilikuwa bado limefungwa, na ndani yake mlikuwa na Sennedjem pamoja na jamaa zake. Vyombo vyao vilihamishiwa makumbusho ya Cairo na ya ng'ambo.

Ukutani, mungu Anubis mwenye kichwa cha mbweha ameinamia maiti kitandani. Kazi ya kuhifadhi maiti ilichukua siku 70. Maini, mapafu, tumbo na utumbo vilitolewa, mwili ukakaushwa kwa magadi, kisha ukaviringwa vitambaa vya kitani. Moyo uliachwa mahali pake, kwa kuwa ndio ungewekwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu, na kupimwa dhidi ya unyoya wa Maat, yaani haki. Moyo mzito uliliwa na dubwana Ammit, na habari ya mwenyewe ikaishia hapo.

Aliyeshinda aliingia Mashamba ya Iaru, yaani peponi. Sennedjem anaonekana humo akilima kwa ng'ombe, na mkewe Iyneferti nyuma yake akipanda mbegu, wote katika nguo nyeupe zisizo na doa. Mkulima halisi angecheka. Lakini mafundi hawa walilipwa nafaka ya serikali, na karne moja hivi baadaye, mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III, ilipochelewa waliweka zana chini wakagoma. Si ajabu pepo yao ilikuwa na ngano ya kuvuna wenyewe.

Katika kaburi la msimamizi Inherkhau, paka mwenye masikio marefu kama ya sungura anamkata kwa kisu joka Apophis, adui wa jua. Rangi hizi huharibiwa na jasho na pumzi za watu, kwa hiyo kuta haziguswi, mwako wa kamera hautumiki, na kundi kubwa husubiri nje kwa zamu.

Mwenye nguvu, walinzi wakiruhusu, anaweza kupanda njia ya mlimani hadi Bonde la Wafalme kwa muda usiofika saa moja. Juu kabisa yamebaki mawe ya vibanda ambamo mafundi walilala siku za kazi.